Kufuatilia bei za matibabu ya selimundu na magonjwa mengine ya damu Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi na walezi tunaokaa nao foleni moja kwenye kliniki za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Mengi ni ya selimundu, kwa sababu ndio ugonjwa wa damu unaozigusa familia nyingi zaidi: inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) na saratani ya damu zina sehemu yake huko chini. Bei za dawa na vipimo zilizo kwenye mifano ni za kufundishia hesabu tu, usiende nazo dukani. Anayeandika ni mlezi mwenzako, si daktari. Habari ya dozi inabaki kuwa ya daktari wako.

Dawa lazima ninunue hata ikipanda. Kufuatilia bei kutanisaidia nini?

Kutakusaidia kujua ni kitu gani hasa kimepanda. Ukitoka famasi umetoa elfu kumi zaidi ya mwezi uliopita, huenda kidonge kimepanda bei kweli. Huenda daktari ameongeza dozi. Huenda umepewa dawa ya kiwanda kingine. Au dawa uliyozoea kuchukua hospitali imekosekana, ukanunua nje. Kila jambo hapo lina mtu wake wa kuulizwa: la kwanza unazunguka famasi nyingine, la pili ni la daktari, la tatu la mfamasia, na la nne ni la dirisha la dawa hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii.

Asiyejua lipi limetokea hubaki kulalamika, na baada ya miezi miwili mitatu huanza kumpunguzia mtoto dawa kimya kimya, leo anampa, kesho anamruka. Nimeona watoto wakirudi wodini kwa njia hiyo, na kulazwa mara moja kunakula fedha ambayo ingenunua dawa ya miezi kadhaa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wengi wetu huku fedha yetu ni ya mahindi, viazi, chai au parachichi, inaingia kwa msimu, na dawa inataka fedha kila mwezi. Bila kujua mwezi ujao utahitaji kiasi gani, msimu ukiisha umekwisha.

Niandike nini hasa kwenye daftari?

Vitu saba: tarehe, mahali uliponunua, jina la dawa na nguvu yake (miligramu), kiwanda, idadi ya vidonge, jumla uliyolipa, na sababu ya kununua hapo. Ukimaliza, gawanya jumla kwa idadi uandike bei ya kidonge kimoja. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha, nyingine zote zinaisindikiza tu.

Ukurasa wa daftari unaweza kuonekana hivi (haidroksiurea ni dawa ya selimundu inayomezwa nyumbani):

14/2. Famasi, Mwanjelwa. Haidroksiurea 500 mg, kapsuli 30, sh. 24,000. Moja sh. 800. Hospitali ilikuwa imeisha.

20/3. Famasi ile ile. Haidroksiurea 500 mg, kapsuli 20, sh. 17,000. Moja sh. 850. Kiwanda kingine, boksi jeupe.

Ukitazama jumla utasema Machi ilikuwa nafuu. Ukitazama kapsuli moja utaona imepanda shilingi 50, na kwa mtoto anayemeza moja kila siku hiyo ni shilingi 1,500 kwa mwezi na 18,000 na ushee kwa mwaka. Mkulima wa Uyole au Isyonje analijua hili bila kufundishwa: bei ya gunia la viazi haikuambii kitu mpaka ujue kama ni gunia la kawaida au lumbesa.

Risiti usiiamini kukaa muda mrefu. Karatasi ya mashine ya EFD hufifia, na ukiiweka mfukoni karibu na simu yenye joto, baada ya miezi michache inabaki nyeupe. Nakili siku hiyo hiyo au piga picha. Piga picha ya boksi pia, kwa sababu ya jambo ambalo wengi hatulioni pale dirishani: muuzaji anapochukua mkasi na kukukatia stripu ya vidonge kumi, mara nyingi ule upande wenye tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo unabaki dukani. Mwambie kwa heshima, "Dada, naomba nione boksi lake." Hakuna mfamasia wa kweli atakayekasirika.

Jambo jingine la boksi: dawa hii ina majina mawili. Boksi moja linaweza kuandikwa haidroksiurea na jingine haidroksikabamaidi. Ni dawa ile ile. Usiandike kama dawa mbili ukaishia kulinganisha kitu na chenyewe.

Zamani mtoto wangu alimaliza kapsuli 15 kwa mwezi, sasa anamaliza 30. Famasi wananiibia?

Hapana, mtoto amekua. Dozi ya haidroksiurea hupangwa kwa uzito. Tuseme daktari ameanza na miligramu 20 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 na nusu anahitaji miligramu 250 kwa siku, na kwa kuwa kapsuli inayopatikana zaidi ni ya 500, wengine hupangiwa siku moja ndiyo, siku moja hapana. Akifika kilo 25 anahitaji miligramu 500, yaani kapsuli moja kila siku. Matumizi yameongezeka mara mbili bila bei kupanda hata senti.

Kwa hiyo kwenye daftari ongeza safu ya uzito. Kila kliniki mtoto anapimwa, namba ipo kwenye kadi yake, inakili. Safu hii inakusaidia pia kutazama mbele: ukiona anaongeza kilo mbili tatu kwa mwaka, unajua dozi itaongezwa na unaanza kutenga fedha kabla. Mzazi anayejua kwamba mwakani atahitaji kapsuli zaidi hatashtushwa dirishani.

Ukiwa na mtoto mdogo, usifungue kapsuli na kugawa unga kwa kukadiria kwa macho ili upunguze gharama. Dawa hii inagusa uboho, mahali damu inapotengenezwa, na kuzidisha kunaweza kushusha chembe nyeupe. Muulize mfamasia wa hospitali namna ya kuiandaa.

Kwa nini bei ya haidroksiurea inapanda na kushuka namna hii?

Sababu kubwa ni dola. Dawa zetu nyingi zinatoka nje ya nchi, na mwagizaji analipa kwa fedha ya kigeni. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600, na dola zenyewe zilikuwa adimu. Mwisho wa mwaka huo shilingi ikapata nguvu tena. Mzigo uliolipiwa dola ikiwa juu unaendelea kuuzwa kwa bei ya juu mpaka uishe, hivyo usitegemee bei ya famasi ishuke wiki ile ile uliyosikia redioni kuwa dola imeshuka. Mpe muuzaji muda wa miezi miwili mitatu, kisha muulize kama amepata mzigo mpya.

Sababu ya pili ni wateja wachache. Panadol inauzwa kila kona, haidroksiurea haitoki kwa kasi hiyo. Famasi ya Mafinga au Tukuyu haiwezi kuweka boksi nyingi zikaisha muda rafuni, kwa hiyo inaagiza kidogo kidogo na kwa bei kubwa zaidi. Mjini, karibu na hospitali kubwa, wapo wanaouza kwa wingi na kapsuli moja inaweza kuwa nafuu. Maduka ya dawa muhimu ya vijijini usiyalaumu yasipokuwa nayo. Maduka hayo yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, na yana orodha maalumu ya dawa yanazoruhusiwa kuuza.

Sababu ya tatu ni kwamba dawa za famasi binafsi hazina bei elekezi. Mafuta ya gari EWURA hutangaza bei zake kila mwezi. Dawa hazitangazwi hivyo, kila famasi inapanga yake. Ndiyo maana tofauti kati ya famasi mbili za mtaa mmoja inaweza kukushangaza, na ndiyo maana kuzunguka kunalipa.

Bei ya haki ni ipi, basi?

Kuna namba moja ya kupimia. Bohari ya Dawa, MSD, ambayo ina ofisi za kanda Mbeya na Iringa, hutoa katalogi ya bei inazouzia vituo vya afya. Wewe huwezi kwenda kununua pale, lakini unaweza kumuuliza mfamasia wa hospitali ya umma: "Dawa hii kituo chenu kinaipata Bohari kwa bei gani?" Ukijua hiyo, unajua famasi ya nje imeongeza kiasi gani. Wako wafamasia wema watakaokufungulia katalogi, wako watakaosema hawana muda. Rudi siku ambayo foleni ni fupi.

Usimchukulie mwenye famasi kama mwizi kwa sababu ya tofauti hiyo. Analipa pango, umeme, mfamasia na kodi. Ila ukikuta kwake bei ni mara tatu ya famasi ya jirani kwa dawa ya kiwanda kile kile, hapo una haki ya kuondoka.

Nimepata dawa ya bei ya chini sana. Niinunue?

Tazama kwanza imeuzwa wapi. Dawa ya kuandikiwa na daktari inauzwa famasi yenye kibali kilichotundikwa ukutani, haiuzwi stendi wala kwa mtu anayekutumia picha kwa simu. Angalia tarehe ya kuisha muda, boksi lisiwe limefunguliwa na kubandikwa upya. Ukiwa na shaka, TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, wapelekee. Dawa iliyobakiza miezi miwili mara nyingi huuzwa kwa punguzo, na hiyo si vibaya kama utaimaliza ndani ya muda. Iandike kwenye daftari kuwa ni ya punguzo, usije ukaifanya kipimo cha bei ya kawaida.

Damu inauzwa? Niliambiwa nilipie chupa.

Damu haiuzwi. Inayotolewa chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama ni ya kujitolea, na mgonjwa hapaswi kulipia damu yenyewe. Mpango huo una kituo cha kanda hapa Mbeya, na damu hupimwa Virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kutoka.

Utakacholipia kihalali hutegemea hospitali na bima yako: pengine kipimo cha kulinganisha damu, mpira wa kuongezea damu, kitanda. Kwa hiyo ukisikia "lipia damu", uliza kwa upole ni huduma ipi hasa na namba ya malipo ni ipi. Hospitali za umma hutoa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki na unapata risiti. Mtu akitaka fedha mkononi bila risiti kwa ajili ya chupa ya damu, nenda kwa mganga mfawidhi, au piga TAKUKURU 113 bila malipo. Usione haya. Mtoto mwenye damu nne (himoglobini 4) hana muda wa mzazi wake kuona haya.

Gharama ambayo hatuiandiki ni ya ndugu wa kuchangia. Benki ya damu ikiwa imepungukiwa, familia huombwa kuleta watu. Ukiwa umetoka Kyela au Ubaruku na huna ndugu mjini, utalipia nauli ya shemeji na mpwa, na chakula chao. Iandike. Njia ya kuipunguza ni kuchangia kabla ya shida: mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, mradi ana umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50. Vikundi vya kanisa, msikiti na vikoba vikipanga zamu, benki haikauki.

Vipimo navyo nifuatilie?

Ndiyo, hasa FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, maana ndicho kinachorudiwa. Mtoto akianza haidroksiurea hupimwa mara kwa mara mwanzoni, baadaye kila miezi miwili au mitatu akishatulia. Kipimo kimoja hakiumizi mfuko, lakini hesabu vya mwaka mzima. Ukilipa elfu kumi mara sita, hiyo ni elfu sitini ambayo hukuwahi kuiona kama elfu sitini.

Andika kama kimefanyika ndani ya hospitali au umetumwa maabara ya nje. Sababu kubwa ya kutumwa nje ni kuisha kwa kemikali za mashine au mashine kuharibika, na nje bei ni nyingine. Ukiona kwenye daftari lako umetumwa nje mara tatu mfululizo, una jambo la kweli la kumweleza mganga mfawidhi, lenye tarehe. Maneno ya jumla kama "kila siku hakuna" hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Hospitali za dini, kama Ikonda kule Makete, Ilembula au Tosamaganga, zina viwango vyake. Usifikiri moja kwa moja ni ghali kuliko za serikali, wala kwamba ni nafuu. Uliza kabla damu haijavutwa.

Mwanangu ametimiza miaka mitano na ghafla naambiwa nilipe. Bei zimepanda?

Bei haijapanda. Sera ya afya inawasamehe watoto chini ya miaka mitano, pamoja na wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, malipo katika vituo vya umma. Siku mtoto wako anapovuka mitano, mlango huo unafungwa, na familia nyingi za selimundu hulipata pigo hilo bila kutahadharishwa na mtu yeyote. Nadhani ndilo jambo ambalo kila kliniki ingewaambia wazazi tangu mtoto akiwa na miaka mitatu.

Ukikaribia hapo, fanya mambo mawili. Tafuta bima kabla ya siku ya kuzaliwa, usisubiri baada yake. Na kama hali yako ni ngumu kweli, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ukaombe msamaha, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Daftari lako la gharama ni ushahidi mzuri sana mezani pale. Afisa ustawi husikia "sina uwezo" mara nyingi kwa siku. Ukimfungulia kurasa za miezi sita zenye tarehe na risiti, mazungumzo hubadilika.

Nina bima. Bado nifuatilie?

Mwenye bima afuatilie zaidi, maana bei yake inajificha. Andika kila ulicholipa mfukoni ukiwa na kadi mkononi: dawa iliyokosekana, kipimo kisichokuwemo, nauli.

CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, imekuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka katika mikoa yetu. Inakubeba kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ukifuata utaratibu wa rufaa. Inaishia hapo. Mtoto akipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kadi hiyo haifiki naye, na hapo ndipo kaya nyingi za Mbarali, Rungwe na Makete hujikuta zinauza mbuzi. Ulizia mapema.

NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ina orodha ya dawa na viwango inavyolipa vituo, tunavyoviita kitita. Kitita kipya kilipoanza Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha kwa muda kuhudumia wanachama kwa sababu hazikukubaliana na viwango. Mgonjwa wa damu akikuta mlango umefungwa siku ya kliniki, anaumia kuliko mtu aliyekwenda kwa mafua. Kwa hiyo kila unaposikia kitita kimebadilika, piga simu kituoni kwako kabla ya safari uulize maswali mawili: mnapokea kadi yangu, na dawa hii imo?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Unapojiunga na mpango wowote chini yake, usiridhike na kuambiwa "inatibu magonjwa yote". Taja kwa jina: haidroksiurea, FBP, kuongezewa damu, kulazwa hospitali ya kanda. Andika majibu na cheo cha aliyekujibu.

Nauli niiweke kwenye gharama za matibabu?

Iweke. Kwa wengi wetu nauli inaizidi dawa. Desemba 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipandisha nauli ya mabasi ya mikoani daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 300 hiyo ni kutoka kama shilingi 12,390 hadi 14,540. Mtu mmoja kwenda na kurudi ameongeza shilingi 4,300, na mtoto hasafiri peke yake. Ukija kliniki kila mwezi, zidisha mwenyewe.

Safu ya nauli inakupa hoja ya kumweleza daktari. Mtoto akiwa ametulia, muombe kama anaweza kukuandikia dawa ya miezi miwili, au kama FBP inaweza kufanyika hospitali ya wilaya na majibu yakaletwa. Madaktari wengi hukubali wakiona mzazi anafuatilia vizuri. Wasipokubali wana sababu ya kitabibu, isikilize.

Mbona Juni na Julai daftari langu linajaa? Bei hupanda kiangazi?

Baridi ndiyo inayopanda. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete juu zaidi, na miezi ya Juni hadi Agosti usiku unauma. Baridi ni kichochezi kinachojulikana cha maumivu ya selimundu. Utanunua dawa za maumivu nyingi, utalazwa, utalipa bodaboda usiku wa manane. Bei ya kila kitu inaweza kuwa ile ile ya Machi.

Hii ndiyo sababu ya kulinganisha Juni na Juni ya mwaka uliopita, si Juni na Machi. Na ndiyo sababu sweta, soksi nzito, blanketi na maji ya uvuguvugu ya kunywa vinaingia kwenye bajeti ya matibabu kuanzia Mei, wakati mitumba ya Soko Matola au Mwanjelwa bado haijapandishwa na wateja. Upande wa Kyela na bonde la Usangu msimu wa gharama ni mwingine, ule wa mbu, maana malaria kwa mtoto mwenye selimundu ni hatari kubwa. Huko, chandarua ndicho sweta.

Serikali inasema mfumuko wa bei ni mdogo. Mbona kwangu ni mkubwa?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima kapu la matumizi ya Watanzania wote, na afya ni sehemu ndogo ya kapu hilo. Wastani wa mfumuko ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Namba hizo ni sahihi kwa kapu lile. Kapu lako wewe lina haidroksiurea, foliki asidi, FBP na nauli ya Makambako. Lipime mwenyewe: jumlisha bei ya vitu vile vile, kiasi kile kile, Januari hii na Januari iliyopita. Kama vilikuwa 60,000 na sasa 66,000, mfumuko wa kaya yako ni asilimia 10, na hakuna anayeweza kukubishia.

Himofilia na saratani ya damu hufuatiliwa vilevile?

Kanuni ni ile ile, kipimo kinabadilika. Dawa ya himofilia, faktari, hupimwa kwa uniti. Chupa moja inaweza kuwa na uniti 250, 500 au 1,000, kwa hiyo bei ya chupa haikuambii kitu, gawanya kwa uniti. Wagonjwa wengi nchini hupata faktari ya msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Himofilia, bila kulipia. Gharama yao kubwa ni kufika ilipo dawa kwa wakati. Jiandikishe kwenye kliniki ya himofilia kabla damu haijaanza kutoka, maana msaada hugawiwa kwa waliosajiliwa.

Kwa saratani ya damu sugu aina ya CML, dawa iitwayo imatinibu kwa kawaida ni ya maisha. Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi zinazopata dawa hii bure kwa wagonjwa waliosajiliwa, kupitia The Max Foundation. Ukiandikiwa ununue, uliza kwanza kuhusu usajili huo. Kwa watoto wenye saratani, taja kwa daktari wako jina la Tumaini la Maisha, shirika linalosaidia watoto hao.

Nimesikia kuna tiba mpya Marekani. Bei yake?

Desemba 8, 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba kwa selimundu. Casgevy ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 na Lyfgenia dola milioni 3.1. Kwa dola ya shilingi 2,500, ya kwanza ni shilingi bilioni 5.5. Hapa nyumbani upandikizaji wa uboho kwa selimundu unafanyika Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, kwa wagonjwa waliochaguliwa wenye ndugu anayelingana nao. Hilo ndilo la kumuuliza daktari.

Anayekuuzia kwa simu dawa ya selimundu iitwayo Oxbryta, mkatalie. Pfizer yenyewe iliiondoa duniani kote Septemba 2024 kwa sababu za usalama.

Bei imepanda kweli, nimehakikisha. Nifanye nini leo?

Usipunguze dozi. Rudi kwa daktari au mfamasia uulize kama kuna ya kiwanda kingine iliyosajiliwa. Uliza famasi tatu kwa simu kabla ya kupanda daladala, ukitaja miligramu na idadi. Wazazi watano wenye vyeti vyao vya daktari wakienda pamoja kwa famasi moja na kumwambia mwenye duka kwamba watanunua kwake kila mwezi, anakuwa na sababu ya kuagiza boksi nyingi na kushusha bei. Dawa ikikosekana hospitali ya umma, mwambie anayetoa dawa akuandikie kwenye cheti kwamba haikuwepo. Na foliki asidi usiiache ukidhani ni nyongeza tu, ni ya bei ndogo na mwili wa mtoto unaihitaji kutengeneza damu mpya.

Naweza kuwatumia wenzangu kurasa za daftari kwenye kundi la WhatsApp?

Watumie, ndipo daftari linapokuwa na nguvu. Funika jina la mtoto na namba ya faili. Andika wilaya, tarehe, miligramu, kiwanda na bei ya kidonge kimoja. Usitaje muuzaji kwa jina la kumchafua, "famasi mbili karibu na stendi" inatosha kwa anayetaka kuuliza. Bei iliyopita miezi mitatu ifute au iandike wazi kuwa ni ya zamani, kuna mtu atapanda basi la alfajiri kutoka Ludewa kwa kuiamini.